Miaka Yangu ya Kupokea Simu za Kihispania

Niliajiriwa Riyadh kwa ajili ya lugha ambayo nusu yake nilikuwa nimeshaisahau. Wakala aliyekuja Dar es Salaam kutafuta watu hakuniuliza nimepima mashamba gani wala nimechora barabara zipi. Alikitazama cheti changu, akaona nilisomea upimaji ardhi Cuba wakati wa ujana, akauliza, "Kwa hiyo Kihispania unakijua?" Nikamjibu kwamba nilikuwa nakijua. Ama hakuusikia ule wakati uliopita, ama aliusikia akaona haumhusu. Haukupita muda mrefu nikapata viza.

Nimestaafu juzi juzi tu, na nyinyi mliobaki kwenye lile dawati mmenisumbua kwenye simu mpaka nimekubali kuandika. Habari za vyeo nitaziacha, hazimfundishi mtu kitu. Nitaandika kazi ilivyokuwa, na niliyoyaona Jeddah, maana nasikia kila anayekuja mpya husimuliwa habari ya Jeddah kwa namna yake, na katika masimulizi yote hayo mimi ni shujaa. Sikuwa shujaa. Nilikuwa nimechoka, na nilitaka kwenda nyumbani.

Ofisi yetu ilikuwa wakala wa programu za kompyuta za ramani na usanifu. Nyinyi mnazijua, lakini naandika pia kwa ajili ya watoto wangu, ambao mpaka leo wanadhani nilikuwa fundi wa simu. Unaiingizia programu vipimo vya ardhi, inakuchorea vilima na mabonde, kisha juu ya mchoro huo unasanifu barabara, reli au mfereji. Miaka ile nchi nzima ilikuwa inachimbwa. Kampuni za Hispania zilishika kazi nyingi, zikaja na wahandisi wao, na wahandisi wakawaita Wacolombia na Wameksiko. Wote walinunua programu kwetu, na wengi wao Kiingereza kiliwapa tabu. Toleo la Kihispania lilikuwa ndiyo kwanza limeingia, na hakuna mtu ofisini aliyeweza kusoma hata maandishi ya juu ya boksi.

Meneja wetu, Mhandisi Nabil, alikuwa Mjordani mpole wa sauti na mgumu wa moyo. Siku ya kwanza alinipeleka kwenye dawati la pembeni, palipokuwa na kompyuta na simu. "Hii ndiyo Hispania yako," akaniambia, akaondoka.

Simu ya kwanza iliita kabla sijajua choo kiko wapi. Alikuwa mzee, anapiga kelele kuushinda upepo.

"Unasema Kikristo?" akauliza.

Wahispania wa umri wake hivyo ndivyo wanavyoiita lugha yao, hasa wakishachoshwa na lugha za watu. Nikamwambia kwamba jina langu ni Mbarouk, Muislamu wa Wete, Pemba, lakini hicho Kikristo chake nitajaribu kukisema. Halafu akacheka mpaka akapaliwa.

"Na lafudhi ya Havana juu yake!" akasema. "Mungu ananifanyia mzaha. Haya, bwana Mbarouk, kiwanja changu kimeruka angani. Nisaidie kukishusha."

Huyo ndiye Don Casimiro, mpima ardhi kutoka kaskazini ya Hispania, na ndiye aliyenifundisha kazi niliyodhani ninaijua. Kiwanja chake kilikuwa kimeruka kweli. Vipimo aliletewa na mafundi Wahindi, wanaotenga sehemu za mita kwa nukta. Toleo la Kihispania linazitenga kwa mkato, na nukta inaihesabu kuwa ya maelfu. Kwa hiyo ardhi ya Riyadh, iliyoko mita mia sita na kidogo juu ya bahari, programu iliiona iko juu kuliko zinakopita ndege, juu ya mawingu yote. Nilitafuta asubuhi nzima nikiwa na jasho la mgongo, na nilipoona ni nukta tu, niliona haya kumwambia. Nyinyi sasa mnalitatua hilo mkiwa mnakunywa chai. Basi jueni kwamba mtu wa kwanza alitoka jasho.

Baada ya hapo Don Casimiro akawa ananiita kwenye mradi wake mara kwa mara, hata pasipo na tatizo. Alichora reli kwa mkono maisha yake yote, kwa kalamu ya wino na rula, na kompyuta aliiendea kama mtu anayemwendea ng'ombe wa jirani. Mimi nilimfundisha programu. Yeye alinifundisha kuizima. Kila mchoro tuliomaliza alinitaka nichukue kipande cha karatasi, niandike urefu wa mwanzo, urefu wa mwisho na umbali wa katikati, nikokotoe kwa mkono ardhi inashuka kiasi gani.

"Programu imeshakokotoa, Don Casimiro."

"Ndiyo. Sasa kokotoa wewe."

Nilimwona msumbufu. Magoti yalipomshinda akarudi kwao, na baada ya mwaka mmoja hivi mwanawe akanipigia simu kunipa habari ya msiba. Sikumwambia mtu pale ofisini. Nilikwenda chooni, nikanawa uso, nikarudi kupokea simu.

Miaka ikaenda hivyo. Mtu akiniuliza Riyadh nilifanya nini, jibu la kweli ni kwamba niliketi. Asubuhi simu za Wahispania, mchana Wacolombia, na wote walipigania maneno. Neno lilelile kwa Mhispania ni jukwaa la treni, kwa Mcolombia ni njia ya waendao kwa miguu, na programu imechagua maana moja bila ya kumuuliza yeyote. Nilijifunza jambo moja ambalo nataka mlishike: msimuulize mteja "umefanya nini?" Atakwambia anachodhani alifanya. Mwambieni, "nioneshe." Halafu mnyamaze.

Nyumbani nilikwenda kwa vipindi, ikama, kibali changu cha ukaazi, ikiwa haina kasoro na Nabil akiwa na moyo mzuri, mambo mawili ambayo hayakukutana mara nyingi. Watoto walikua kwenye simu. Nilimwacha Salma, binti yangu mkubwa, akiwa skuli, na siku moja mama yake akanipigia kuniambia ameposwa.

Nikaomba likizo mapema. Nabil akakubali kwa maneno mazuri, akasema viza ya kutoka na kurudi ataishughulikia yeye mwenyewe. Nikaanza kununua vitu, kidogo kidogo: udi, marashi ya mawaridi, kitambaa cheupe cha bibi harusi. Sanduku nikaliweka wazi sakafuni, chumbani kwangu, nikawa nalipita kila nikienda kulala.

Hapo ndipo ilipokuja ya Jeddah.

Kule palikuwa na mradi wa mifereji ya maji ya mvua. Nyinyi mnaijua Jeddah: mvua ni nadra, lakini ikija, maji yanateremka kutoka milimani kupitia mabonde makavu na kuingia mitaani, yanabeba magari na yanabeba watu. Mifereji ile ilikuwa ni ya kuyapeleka baharini. Msimamizi wa mradi, Mhispania aitwaye Aurelio, alikuwa ameanza kuchimba. Mfereji mmoja ulipofika kwenye kalvati la kupitishia maji chini ya barabara kuu, pale ulipotakiwa kuungana nalo, ikaonekana sakafu yake iko juu ya kalvati kwa zaidi ya kimo cha mtu. Maji yasingeingia. Yangesimama pale, kisha yangerudi kwenye nyumba za watu.

Mchoro ulikuwa wa Yesid, Mcolombia. Wakasema amekosea, na wakaanza kuandaa karatasi za kumrudisha kwao. Yesid akasema hakukosea, ni programu. Ndiyo nikatumwa mimi.

Nabil alinisindikiza mpaka kwenye lifti. "Ya Mbarouk, unakwenda kuandika kwamba programu ni nzima. Mkataba wa mradi ule ndio unaotulisha. Andika, urudi, uende ukamuoze binti yako."

"Nitaangalia kwanza."

"Angalia. Halafu andika hivyo."

Jeddah nilifikia mtaa wa Baghdadiyah, kwa Mwangangi, Mkamba wa Machakos aliyekuwa fundi wa mitandao wa tawi letu kule. Alikuwa na chumba kimoja na vitanda viwili, na joto la kule ni lile la kulala ndani ya taulo lililoroweshwa. Alinipikia ugali, akaniuliza kazi iliyonileta. Nilipomweleza akaacha kula.

"Mzee, hii story wacha ikae hivyo," akasema. "Huyo Colombian ni mtu mzuri, sikatai. Lakini wewe ukisema software ndiyo iko na shida, boss atakumaliza. Na si uko na harusi?"

"Ninayo."

"Basi. Andika programu iko sawa, uende home. Huyo jamaa atapata kazi kwingine."

Nilimwambia bado sijaona kitu. Na nitawaambia kweli: nilitamani nisione.

Asubuhi nilimkuta Yesid kwenye kontena la ofisi, amenyoa ndevu na amevaa shati lililopigwa pasi, kama mtu anayekwenda mahakamani. Alikuwa mtu mzima, mwenye mke na watoto kwao, mchoraji mzuri, mistari yake misafi.

"Nimekwisha waeleza mara nyingi," akasema. "Hawanisikilizi."

"Usinieleze. Nioneshe."

Akafungua programu, toleo la Kihispania, akaanza kuchora mfereji upya mbele yangu. Akafika kwenye dirisha dogo la kuingiza mteremko. Akachukua kikokotoo, akakokotoa, akaandika tarakimu.

"Umekokotoa nini hapo?"

"Maelekezo ya mradi yanatoa mteremko kwa asilimia. Dirisha linataka nyuzi za pembe. Nimebadilisha."

"Nani kakwambia linataka nyuzi?"

Akanitazama kama anayetazama mjinga. Akaweka kidole kwenye kioo. "Limeandikwa."

Kweli lilikuwa limeandikwa. Toleo la Kiingereza pale lina neno "grade", ambalo kwa mhandisi ni mteremko kwa asilimia: katika kila mita mia, ardhi inashuka mita ngapi. Mfasiri, ambaye naapa hajawahi kusimama kwenye mtaro, alilifanya "grado". Na kwa Kihispania grado ni nyuzi, zile za kupimia pembe. Yesid aliandika nyuzi, programu ikazichukua kuwa asilimia, na mfereji ukashuka kiasi cha nusu tu ya ulivyotakiwa kushuka.

Nikachukua karatasi. Mwanzo, mwisho, umbali. Nikakokotoa kwa mkono, kama nilivyosumbuliwa kufanya miaka yote ile. Hesabu ikatoka vilevile. Nikairudia, kwa matumaini kwamba nimekosea.

"Wenzako Wahispania hawakuliona?" nikamuuliza.

"Wao walizoea toleo la Kiingereza. Hawasomi kilichoandikwa, wanakijua kwa mazoea."

Kwa hiyo kosa la Yesid lilikuwa hilo tu, kwamba alisoma lugha yake mwenyewe akaiamini. Nilipotaka kufunga kompyuta nikauliza swali ambalo sikutaka kuliuliza. Nikamuuliza ni nani mwengine pale aliyeanzia kwenye toleo la Kihispania kama yeye.

Akafikiri. "Rodrigo, Mmeksiko. Lakini amekwisha maliza mkataba, ameondoka. Alichora tawi la mfereji linalopita nyuma ya nyumba za mtaa wa Nuzha."

"Limechimbwa?"

"Limechimbwa. Nondo zimewekwa. Zege wanamwaga wiki hii."

Hapo nikaelewa nimekaa wapi. Nikisema ni kosa la Yesid, utarekebishwa mchoro mmoja, Yesid ataondoka, na Rodrigo hakuna atakayemkumbuka. Nikisema ni neno, kila mchoro uliotoka kwenye toleo lile utakaguliwa, hapo na kwengine kote. Nilitoka nje ya kontena, nikasimama kwenye kivuli cha tangi la maji. Nilifikiria lile sanduku sakafuni. Sikuwaza ushujaa wowote. Niliwaza kwamba watu wa Nuzha wana mabinti pia, kisha nikakasirika kwa kuwaza hivyo, kwa sababu nilijua limekwisha amuliwa.

Kikao kilikuwa baada ya adhuhuri. Aurelio alikuwa mtu wa maneno machache. "Programu au mtu?" akauliza.

"Ni programu," nikasema. "Neno moja limefasiriwa vibaya. Yesid hana kosa. Na tawi la Nuzha lina hitilafu hiyohiyo. Simamisheni zege."

Mmoja wa wahandisi wake akasema tawi la Nuzha limeshakaguliwa na kupitishwa. Nikamwomba mchoro, nikamwomba na karatasi. Nikakokotoa mbele yao, taratibu, mkono wangu ukitoa jasho na kulowesha karatasi. Aurelio alifuata kila mstari kwa macho. Nilipomaliza alinyanyua simu, akasema kwa Kiarabu chake kibovu, "Zege mafi. Halas. Mafi leo, mafi kesho." Yaani zege hakuna, imetosha.

Yesid alikuwa amekaa nyuma. Alifunika uso kwa mikono miwili, akabaki hivyo mpaka watu wote wakatoka.

Nabil alipata habari kabla sijafika Baghdadiyah. Hakupiga kelele, hakuwa mtu wa kelele.

"Nilikwambia uandike nini, ya Mbarouk?"

"Uliniambia niangalie kwanza."

"Sasa wateja wote wa Kihispania watataka mtu wa kuwakagulia michoro. Nani atawakagulia? Wewe. Huna pa kwenda. Likizo halas."

"Mhandisi, binti yangu..."

"Mungu ambariki," akasema, akakata.

Hawakunifukuza, kwa sababu hapakuwa na mwengine wa kupokea simu. Nikazungushwa mradi kwa mradi, Riyadh, Jeddah na njiani katikati, nikifungua michoro ya watu na kutafuta neno lile. Mingi ilikuwa mizima, lakini michache haikuwa hivyo. Hakuna aliyefurahi kuniona. Mtu anayekuja kutafuta kosa hapewi chai ya moto.

Harusi ya Salma niliisikia kwenye simu, nimekaa kitandani kwa Mwangangi. Mke wangu alikuwa ameiweka simu karibu na shehe, lakini kelele za watu zilikuwa nyingi, sikusikia maneno ya ndoa. Nilisikia vigelegele nikajua imekwisha. Halafu Salma akaja kwenye simu.

"Baba, unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu."

"Ami amesimama badala yako. Amelia, masikini, utadhani anaozwa yeye." Akacheka. "Mama kasema ulikuwa na kazi muhimu."

"Ilikuwepo kazi."

"Ilikwisha?"

Nikamwambia bado. Akaniambia nile vizuri. Alipokata nikabaki na simu mkononi, na Mwangangi, aliyekuwa anajifanya amelala kwa heshima yangu, akaamka akanitilia maji ya kuoga. Mvulana yule ana maneno mengi, lakini siku ile aliyaweka.

Yesid alibaki mpaka mradi ukamalizika. Akarudi Colombia, na sasa anafundisha programu ileile kwenye chuo cha ufundi cha kwao. Wenye programu walichelewa sana kurekebisha. Tuliwaandikia, wakajibu kwamba wamepokea. Tukaandika tena, wakapokea tena. Hatimaye toleo jipya likaja, nikalifungua mwenyewe, nikaenda moja kwa moja kwenye lile dirisha. Pameandikwa "pendiente", mteremko, na alama ya asilimia pembeni. Hakuna barua iliyokuja nalo. Nikaita wenzangu waje waone. Wakaja, wakatazama, wakarudi kwenye madawati yao. Nilikaa nikilitazama neno lile muda mrefu kuliko lilivyostahili.

Sanduku la harusi nililipeleka mwaka uliofuata. Salma alikuwa na mimba tayari. Kile kitambaa cheupe baadaye alimfungia mtoto.

Miaka yangu ya mwisho haikuwa na jambo. Simu zilipungua, kwa sababu Wahispania waliondoka na waliobaki walikijua Kiingereza. Nabil alihamia kwengine, akaniaga kwa kunikumbatia, na nikamkumbatia. Mkinichukilia mtu ambaye nimekula naye miaka yote ile, mtakuwa mnamchukia bure. Mimi mwenyewe nguvu hizo sikuwa nazo.

Viza ya kuondoka moja kwa moja ilipotoka, nilipitia Jeddah, nikaenda umra, na siku ya kusafiri nikamwomba Mwangangi anipeleke kwenye mfereji wa Nuzha. Usiku wa jana yake mvua ilikuwa imenyesha. Tulikuta ukuta mrefu wa zege, uzio mfupi, na nyuma yake nyumba, nguo zimeanikwa juu ya paa, mwanamke mmoja anamwita mtoto kwa Kiarabu, mwengine, mfanyakazi wa ndani, anaongea na simu kwa Kiswahili cha Kenya, anacheka. Niliketi ukingoni. Magoti yangu sasa ni kama yale ya Don Casimiro.

Mlinzi akaja na fimbo yake, Myemeni mzee kuliko mimi. "Ya hajji, kukaa hapa mafi. Yalla."

"Nautazama mteremko tu," nikamwambia.

Akatazama mfereji upande huu, akatazama upande ule. "Mteremko gani? Hapa pote sawasawa."

"Mwambie, mzee," akasema Mwangangi. "Mwambie ni wewe."

Lakini ndege ilikuwa inaningoja, na maelezo yangekuwa marefu. Nikamwambia mlinzi kwamba ni kweli, kwa macho pote sawasawa, nikampa mkono anivute ninyanyuke. Chini yetu maji ya jana yalikuwa bado yamo, membamba, kama hayaendi. Chupa ya plastiki ilikuwa inaelea juu yake. Tulisimama sote watatu, hata mlinzi, tukaitazama ikisogea, polepole sana, mpaka ikaingia kwenye kalvati chini ya barabara ikapotea.